Kifimbo Kinachojua Mkono

Wako watoto wachezao tenisi sebuleni pasipo mpira wala wavu. Wameshika kifimbo cheupe, na wakikipunga, mtu wa picha katika televisheni naye hupunga raketi yake. Wazee kadhaa walipoona jambo hili katika nyumba ya jirani yetu, walinong'onezana ya kuwa kifimbo kina pepo. Sisi tulio walimu hatuwezi kuliacha neno hilo lipite. Kwa maana mtu aitaye uchawi kila asichokielewa hujifungia mlango wa elimu, na mtoto wake naye hubaki nje.

Chombo hicho chaitwa Wii. Kilitolewa mwaka 2006 na Nintendo, kampuni ya mji wa Kyoto katika Japani; na ijapokuwa sasa hakitengenezwi tena, vilivyokifuata vyashika njia iyo hiyo. Ndani ya kifimbo imo chembe ya silikoni, imeshikwa na springi nyembamba mno. Kila aliyepanda lori anaijua kazi yake. Lori likiondoka ghafula, abiria hutupwa nyuma. Likifunga breki, huinamia mbele. Chembe ile ndiyo abiria, na kifimbo ndicho lori. Chembe ikisogea, nafasi iliyo baina yake na vibao vya kandoni hubadilika, na umeme wa hapo hubadilika pia. Ndipo kifimbo hupima badiliko hilo pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Tena uzito wa dunia huivuta chembe daima, hata mkono ukitulia. Kwa hiyo kifimbo hujua kama kimeinama. Hata simu zetu za mkononi zina chembe kama hiyo, nayo ndiyo igeuzayo picha tunapoilaza simu.

Lakini kifimbo kina upungufu. Chajua kutikiswa, hakijui mahali kilipo. Ukihesabu mwendo kwa mitikiso peke yake, kosa dogo la kwanza hukua upesi, kama la nahodha ahesabuye njia yake usiku pasipo nyota. Kwa sababu hii mafundi walitia jicho katika ncha ya kifimbo, na karibu na televisheni wakaweka ufito wenye taa ambazo nuru yake macho yetu hayaioni. Wengi hudhani ufito ndio utazamao, sivyo. Ufito huangaza tu, na kifimbo ndicho kitazamacho. Mishumaa miwili yaweza kushika nafasi yake, kwa kuwa moto nao hutoa nuru ya namna hiyo. Mwaka 2009 kikaongezwa kipande cha kupima mzunguko, ili kugeuka kwa kifundo cha mkono kupambanuliwe vema.

Wala si mchezo mtupu. Katika hospitali za nchi kadhaa chombo hiki kimetumiwa kuwazoeza watu waliopooza upande mmoja kuinua mkono tena. Je, tungelikiita cha pepo, ni nani angelipona kwa neno letu?

Basi, wazazi, mtoto akiuliza, msimtishe; mwambieni habari za lori na abiria. Nasi tulio wazima tujifunze jambo hili: mioyo yetu hutikisika kwa hasira na kwa furaha, tukadhani kutikisika ndiko kuijua njia. Kifimbo kisipoiona taa iliyosimama nje yake, hakijui kinakoelekea.