Kijana akitaka kompyuta ya gemu, mwulize kwanza ni gemu gani

Siku hizi ukimsikia kijana wa mtaani akisema anataka "kujenga", usidhani amenunua ploti Kitengela. Huenda anazungumzia kompyuta. Atanunua prosesa kwa huyu, kadi ya picha kwa yule, kasha kwingine, kisha ataketi sakafuni sebuleni na bisibisi moja kuviunganisha mwenyewe. Na hata akikuapia kwamba ni ya masomo, wewe jua ni ya kuchezea gemu.

Ikiwa wewe ni mzazi, nakusihi usimfukuze kabla hujamsikiza. Na ikiwa wewe ndiwe kijana mwenyewe, tulia unisome kabla hujaingia Luthuli Avenue na pesa zako mfukoni. Mimi nilifanya safari hiyo na mpwa wangu mapema 2025. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne mwaka wa 2023, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akiweka akiba kwa kupiga chapa na kuwajazia watu fomu katika saiba moja mtaani Umoja. Zilifika Sh55,000. Mamake, ambaye ni dada yangu, alizitazama pesa hizo akaona kodi ya chumba cha mwanafunzi wa chuo. Mwanawe alizitazama akaona kompyuta. Dada alinipigia simu akaniambia, "Kaka, nenda naye. Hizo zikipotea sina nyingine za kumpa."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika jambo hili naomba kuwapinga, kwa maana hapa kazi yote imo katika kulichagua jembe.

Kijana alinijia na orodha aliyoinakili kutoka video za ng'ambo. Kadi ya picha peke yake ingemeza akiba yote na kubakisha deni. Nikamwuliza maswali mawili tu. Utacheza gemu gani? Na utaitazama kwenye skrini gani? Alisema atacheza kandanda ya EA Sports FC 24, iliyotoka 2023, na Grand Theft Auto V, ambayo iko kwenye kompyuta tangu 2015. Skrini alikuwa nayo tayari, ya nukta 1920 kwa 1080, inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde.

Majibu hayo mawili yalitupunguzia gharama kuliko ubishi wowote wa bei dukani. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde haiwezi kukuonyesha 140, hata ukiiunganisha na kadi ya bei ya pikipiki. Na waundaji wa gemu hutangaza wenyewe mahitaji yake. Kwa FC 24, kiwango cha chini kilikuwa kadi ya GTX 1050 Ti na kumbukumbu ya GB 8. Kiwango walichopendekeza kilikuwa GTX 1660 na GB 12. Grand Theft Auto V ni nyepesi kuliko hapo. Basi tukajua tunatafuta nini. Anayeingia dukani bila kujua hayo huuziwa kile ambacho muuzaji amekaa nacho muda mrefu.

Sasa nije kwa kifaa ambacho vijana hawapendi kukizungumzia kwa sababu hakina sifa mitandaoni. Ni kile kisanduku cha bati ndani ya kasha kinachopokea stima ya volti 240 kutoka ukutani na kuigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo vifaa vingine hutumia. Mafundi hukiita pawa saplai. Mpwa wangu alikuwa amekitengea Sh1,500, na kwa bei hiyo kweli vipo, tena vimeandikwa "wati 700" kwa herufi kubwa. Usisome herufi kubwa, ndugu msomaji. Geuza kisanduku usome jedwali dogo lililobandikwa ubavuni. Tafuta safu ya volti 12, ambayo ndiyo hulisha prosesa na kadi ya picha, uone ampea zake, kisha uzidishe kwa 12. Tulichoonyeshwa sisi kilikuwa na ampea 18. Hizo ni wati 216, wala si 700. Nilipomfanyia hesabu hiyo, kijana alikaa kimya kwa muda.

Hapa kwetu stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Jirani yangu mmoja alikuwa na kompyuta yenye pawa saplai ya bei ya kutupa. Stima ilirudi usiku, na asubuhi pawa saplai, bodi na kadi vyote vilikuwa vimekufa pamoja. Kwa hivyo tulilipa Sh6,500 kwa ya wati 550, mpya, yenye alama ya 80 Plus. Alama hiyo maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya stima inayovutwa ukutani huvifikia vifaa. Haiapi kwamba kifaa ni imara, lakini vile vya uongo mtupu huwa havina. Prosesa yetu huhitaji takriban wati 65 na kadi 125, kwa hivyo wati 550 zinatosha na kusalia. Aidha, ukinunua pawa saplai kuukuu, tazama nyuma kama kuna kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na ukiwashe hapa Nairobi, utasikia mlio kama wa risasi na kununua kitaanza upya.

Kadi ya picha ndiyo hula fungu kubwa la pesa, na ni haki yake. Tulichukua GTX 1660 Super ya mtumba, ya GB 6, kwa Sh15,000. Kadi hiyo ilitoka 2019. Kuna wanaoogopa mitumba kwa kuwa nyingi zilitumiwa kuchimba sarafu za kidijitali, na ni kweli, kwani Ethereum ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagwa sokoni. Kwa maoni yangu kadi ya mchimbaji si maiti. Mara nyingi kilichochoka ni feni na ile krimu ya kupitisha joto, na fundi hubadilisha vyote kwa pesa kidogo.

Cha kuogopa ni kadi bandia. Zipo kadi za zamani kabisa zilizobadilishwa jina ndani ya programu yake zikajiita GTX 1050 Ti. Ukiona kadi inadai kuwa 1050 Ti na ina ile tundu ya VGA ya buluu yenye matundu 15, ondoka, kwa sababu kizazi hicho cha Nvidia kiliacha kutoa mawimbi ya VGA. Vilevile ipo RX 580 iliyo kamili, yenye viini 2304, na ipo nduguye mwenye viini 2048 anayeuzwa kwa jina lilo hilo. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hufichua yote mawili. Ibebe kwenye flashi, uombe kadi ichomekwe, uifungue hapo hapo, kisha ucheze gemu nusu saa ukisikiliza feni. Muuzaji akikataa, mwambie asante uende zako. Sisi tulikataliwa na wawili, wa tatu akatupa kiti na soda.

Prosesa ilikuwa Ryzen 5 3600 ya mtumba, yenye viini sita, pamoja na feni yake, kwa Sh9,000. Igeuze chini ya mwanga kabla ya kulipa. Ina vijipini 1,331, na kimoja kikipinda huenda mashine isiwake kabisa. Bodi, ambayo mafundi huiita madabodi, tuliipata kwa Sh7,500, ya aina ya B450. Sababu ya kuichagua ni kwamba soketi yake, AM4, hupokea pia prosesa mpya zaidi kama Ryzen 5 5600 ya 2022, mradi programu ya bodi isasishwe. Siku kijana atakapopata kazi atabadilisha kipande kimoja tu. Dai kuonyeshwa bodi ikiwaka na prosesa hiyo hiyo unayonunua.

Kumbukumbu tulinunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwani viwili hufanya kazi sambamba, kwa Sh6,000. Diski ya SSD ya GB 500 ilikuwa Sh5,000. Usinunue ndogo zaidi, maana FC 24 peke yake inataka GB 100. Ila bei ya kumbukumbu nakuomba uiulize upya. Mwishoni mwa 2025 ilipanda sana duniani kote, viwanda vilipoelekeza nguvu zao kwenye mitambo ya akili mnemba.

Vita vikubwa vilikuwa vya kasha. Alitaka la kioo lenye taa za rangi, Sh9,000. Mimi nilishika la bati lenye matundu ya hewa mbele, Sh4,000. "Lakini Mjomba, hili linafanana na kabati la shule," akalalama. Nikamwambia achague mwenyewe, pesa ni zake, ila aniambie ile tofauti ya Sh5,000 itatoka kwenye kadi au kwenye pawa saplai. Alizunguka duka mara mbili, akalichukua la bati. Jumla ikawa Sh53,000, na zile Sh2,000 zilizobaki zikanunua kifaa cha ukutani cha kukata stima inapopanda au kushuka kupita kiasi.

Je, ikiwa huna hata nusu ya hizo? Ziko kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo zimejaa mjini. Nyingi huuzwa rahisi kwa sababu Microsoft iliacha kuisasisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Basi soma nambari: i5-8500 ni ya kizazi cha nane, i5-6500 ni ya sita. Chukua yenye kasha refu, kisha uongeze kadi ya GTX 1650 isiyo na waya wake wa stima, ambayo hutosheka na wati 75 za bodi. Kasha zile nyembamba hupokea kadi fupi pekee, na pawa saplai zake ni za umbo la kipekee ambalo hutalipata kwa urahisi dukani. Na kama unachotaka ni kandanda na marafiki tu, wala huna shughuli nyingine na kompyuta, PlayStation 4 ya mtumba inatosha. Acha kujisumbua.

Mashine yetu iko sebuleni kwa dada, na hilo lilikuwa sharti lake. Jioni kijana hucheza. Mchana hujifunza Blender, programu ya bure ya kuchora picha za kompyuta, ambayo kwa bahati hutumia kadi ile ile. Ameshatengeneza matangazo mawili ya vinyozi wa mtaa na kulipwa. Taa za rangi bado anazitamani. Zimo kwenye orodha yake, chini ya feni ya pili na juu ya kiti.