Historia kwa Kipimo cha Nyota

Wa rika letu tunazikumbuka Pasaka za televisheni moja mtaani, watoto tumebanana mkekani, wakubwa wamejaa hadi barazani, na Charlton Heston akiinua fimbo bahari ipasuke kwenye The Ten Commandments. Wanaume walikodolea macho maji. Akina mama walikuwa na yao: zile nguo nyororo za Anne Baxter, malkia wa Misri, zilizomkaa kifuani na kumshika kiuno sawasawa na mabibi wa Marekani wa 1956, mwaka filamu ilipotoka.

Hollywood ya zamani ndivyo ilivyoivalisha historia. Nyota kwanza, karne baadaye. Mwaka 1938 Adrian, mbunifu wa mavazi wa studio ya MGM, alimvika Norma Shearer magauni ya Marie Antoinette yaliyotanda nyonga zote mbili, darizi juu ya darizi, na filamu yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi tulijitilia wenyewe.

Mwaka uliofuata Walter Plunkett akaja na mavazi ya Gone with the Wind. Nani amelisahau gauni la Scarlett, mahameli ya kijani yaliyoshushwa dirishani, na kamba za pazia na vishada vyake zikageuzwa mshipi? Mimi hulikumbuka zaidi vazi jingine: sketi ya ndani, ya hariri nyekundu, aliyopewa Mammy, mtumishi mweusi wa Scarlett, naye akaliinua gauni lake kidogo tu ili ionekane. Utotoni tulicheka. Sasa najua kwamba Hattie McDaniel, aliyeigiza uhusika huo, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa filamu Atlanta kwa sababu ya ubaguzi, na kwamba mwaka 1940 alitwaa Oscar. Kicheko kimepungua.

Vyumba vya ushonaji vilivyotoa mavazi hayo, vilivyojaa mafundi ambao majina yao hayakufika kwenye skrini, vilikwisha pamoja na enzi za studio kubwa. Mwaka 1970 mavazi ya MGM yalipigwa mnada. Mwigizaji Debbie Reynolds alinunua mengi akitaraji kuyajengea makumbusho. Makumbusho hayakudumu, na mwaka 2011 naye akaanza kuuza mkusanyiko wake. Gauni jeupe la Marilyn Monroe peke yake lilifika dola milioni 4.6. Mavazi hayo yanathaminiwa sasa, yakiwa yametawanyika.

Filamu za leo zina adabu zaidi kwa historia. Tayari kwa Barry Lyndon ya 1975, wabunifu walitafuta nguo halisi za karne ya 18 wakazichunguza mishono. Siku hizi nguo mpya husuguliwa kwa msasa na kupakwa tope mpaka ionekane imevaliwa miaka. Naziamini. Ila mara nyingi natoka sinema bila kukumbuka hata gauni moja.

Hata hivyo, sitamani turudi. Ruth E. Carter, aliyewavika watu wa filamu ya Malcolm X na Waafrika wa filamu ya Amistad, ndiye mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mavazi, mwaka 2019. Chini ya mkono wake, heshima haiishii kwenye sketi ya ndani.

Na tusijisifu sana kwa huo ukweli wetu. Wajukuu watazitazama nguo zetu hizi za kahawia na kijivu, na kabla hata hawajaambiwa ni hadithi ya karne gani, watajua filamu ilitengenezwa enzi zetu.