Kamupira Kadogo na Esanse Nyingi



Gari nyingi zinazopanda Cimpunda zilitoka Japani, zikatufikia zimekwisha kuchoka. Haziko na karabirateri, ziko na injekteri. Kwenye bomba lenye kulisha injekteri kunakaa kifaa kidogo cha chuma, wanakiita regilateri. Ndani muna utando wa mpira na resori. Pompi inasukuma esanse, regilateri inapima nguvu yake, kwa gari nyingi kama bari 2.5 mpaka 3, na ile yenye kuzidi inarudishwa katika tangi. Kamupira kadogo kanaunganisha regilateri na njia ya hewa ya moteri.

Gari ya kanisa letu ndiyo inabeba mama wenye kujifungua usiku. Ikaanza kutoa moshi mweusi na kunuka esanse, na asubuhi inakawia kuwaka. Garaji moja ya mjini wakasema tununue pompi mupya. Bei yake ilikuwa karibu sawa na feza tuliyochanga kwa minervali ya yatima. Kijana mumoja jirani akaniambia, “Papa Pasteri, ngoja kwanza.” Akazima moteri, akachomoa kale kamupira. Esanse ikadondoka! Utando ulikuwa umepasuka, na moteri ilikuwa inanyonya esanse kupitia njia ya hewa, nje ya hesabu ya injekteri. Pompi ilikuwa nzima kabisa. Tukabadilisha regilateri tu, kisha mafuta ya moteri pia, juu esanse ilikuwa imeingia ndani na kuyafanya mepesi. Mafuta mepesi yanakula vyuma, hilo watu wengi wanalisahau.

Kamupira kakiwa kakavu, na gari inakosa nguvu kwenye mulima, tafuta fundi mwenye manometri. Moteri ikiwa inazunguka polepole, achomoe kamupira: mushale unapaswa kupanda kama nusu ya bari. Usipopanda, kamupira kamepasuka ama kameziba, ama regilateri yenyewe imekufa. Nguvu ikiwa chini wakati wote, aangalie filtri kwanza. Esanse ya kadhafi kando ya barabara mara nyingi iko na maji na muchanga wa bidoni. Iache itulie, uichuje, usimimine ile ya chini. Wengine wanagonga regilateri kwa nyundo ili “iamuke”. Mimi siwezi kuruhusu.

Na hili nasema kwa nguvu: moteri hata ikizimwa, esanse inabaki na nguvu ndani ya bomba. Fungia kitambaa mbele ya kulegeza mupira, na usifanye kazi hiyo karibu na mbabula wala kwa mwanga wa mushumaa. Nyumba zetu za Cimpunda zinashikana, mbao kwa mbao.

Katika gari za karibuni, regilateri nyingi zinakaa ndani ya tangi pamoja na pompi, bila kamupira. Hizo usijaribu peke yako.