Ua Lisiloshuka Rugerero

Ukiitazama ramani ya mimea, okidi iitwayo Disa stairsii ina nchi kubwa: mashariki ya Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania. Rangi moja imepakwa juu ya nchi sita. Mtu wa Rugerero angedhani basi ua hilo lipo hata kandokando ya mto wetu Sebeya. Halipo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu ni joto mno kwake. Lenyewe huota kuanzia kama mita 2,200 hadi 3,600, penye ukungu na baridi, ardhini na mara nyingine juu ya miti.

Kwa hiyo nchi yake ya kweli ni visiwa: milima ya Virunga, Rwenzori, Mlima Kenya, Kilimanjaro. Katikati yake kuna tambarare zenye joto. Mbegu za okidi ni laini kama vumbi na upepo huzipeleka mbali, lakini hazibebi akiba ya chakula. Zikitua pasipo na kuvu wa kuzilisha, hazioti. Ndiyo maana nacheka kidogo nikiona mpaka wa Rwanda na Kongo umechorwa kwa wino mzito. Karisimbi, mlima wa mita 4,507, umekaa juu ya mpaka huo, na mmea unaoota mgongoni mwake hauulizwi kitambulisho. Kinachouzuia ni mteremko tu. Sisi ni kinyume: akina mama wanavuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma na nyanya zao na Kiswahili chao, ila kule juu kwenye baridi hakuna anayekaa.

(Jina stairsii linatokana na William Stairs, Mkanada aliyepanda Rwenzori mwaka 1889 akiwa katika msafara wa Stanley. Waliokuwa wakiliona ua hilo kabla yake hawakuandikwa popote.)

Nililijua jambo hili kwa sababu ya mjomba wangu wa Kinigi, chini ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Shamba lake alilirithi kwa babu, na babu alilipata mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati sehemu kubwa ya msitu wa hifadhi ilipokatwa ili kulimwa pareto. Pareto ilififia, vikaja viazi mviringo. Viazi hivyo vilimsomesha mama yangu. Shamba lenyewe liko katika mwinuko ambao okidi hii huweza kuishi, yaani nchi ya ua ilimegwa kutoka chini, na kipande kimoja kikawa chakula chetu. Sioni aibu kwa hilo, wala siwezi kusema halikutokea.

Sasa inamegwa pia kwa joto. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000 hali ya hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Dunia ikipata joto, mmea wa baridi hauna budi kusogea juu, na mlima kadiri unavyopanda ndivyo nafasi inavyopungua. Karisimbi bado una nafasi. Lakini Gahinga unaishia mita 3,474. Pale ukifika kileleni umefika.

Serikali ina mpango wa kuipanua hifadhi kwa takribani kilomita za mraba 37, na familia nyingi zitahamia makazi mapya. Watu husema ni kwa ajili ya sokwe, na ni kweli, sokwe ndio wanaoleta watalii. Okidi itanufaika bila kutajwa. Nilipomweleza mjomba habari za visiwa vya baridi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, na mimi nina mwinuko wangu. Viazi vya huku havioti Rugerero kwenu."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Naamini mpango huo ni wa lazima, na naamini pia mjomba ni kama mmea uliozoea kimo kimoja. Msimu huu amepanda viazi kama kawaida, kwa kuwa hukomaa ndani ya miezi michache. Miche ya parachichi aliyoinunua mwaka jana bado iko kwenye vifuko vyake, karibu na mlango.