Kichaka cha bibi kule Utange

Ukivuka daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi, utapita soko la Kongowea, kisha kiwanda cha saruji cha Bamburi, na bila shaka macho yako yatakuwa upande wa kulia, kuliko na bahari na mahoteli. Mimi safari hii niligeukia kushoto. Ilikuwa Novemba, mvua ya vuli imekwisha kunyesha mara mbili tatu, na bodaboda ilinirusharusha hadi Utange.

Wazazi wetu walilisikia sana jina hilo redioni mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya kambi ya wakimbizi kutoka Somalia iliyokuwa huko. Kambi ilifungwa katika muongo uleule. Siku hizi ukitaja Utange, mtu atakuuliza bei ya ploti.

Kilichonipeleka huko si ploti bali maboga. Nyumbani kwetu Changamwe tulipanda maboga nyuma ya nyumba. Mbolea tulitia, maji tulitia. Majani yakawa makubwa kama sinia, maua yakachanua. Lakini kila kiboga kilipofika ukubwa wa ndimu kiligeuka manjano na kuanguka. Nikanunua dawa ya wadudu, nikainyunyiza asubuhi na mapema. Ndipo mambo yakaharibika kabisa! Mwenzangu mmoja kazini aliponisikia nikilalama alicheka, akaniambia, "Nenda ukamwone bibi yangu."

Nilibisha hodi, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, karibu," akaitika mama wa miaka sabini na ushei, leso kiunoni, jembe mkononi. Maboga yake yalikuwa yametapakaa chini ya minazi, mengine hata sikuweza kuyanyanyua. Baina ya shamba na njia palikuwa na kichaka cha upana wa hatua sita hivi. Mimi ningekifyeka siku ya kwanza. Kumbe ndimo mlimokuwa na siri yake.

Bibi hakuanza na kichaka. Alichuma maua mawili ya boga akayaweka kiganjani. Moja lilikuwa na kikonyo kitupu. La pili lilikuwa na kiboga kidogo chini yake. "Hili dume, hili jike," akasema. "Hayawezi kuendeana. Mshenga wao ni nyuki. Nawe ulifanyani? Ulimpulizia sumu mshenga!"

Niliona haya. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, halirudii tena. Katika saa hizo chache nyuki hana budi kubeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike, tena si mara moja tu. Asipofika, kiboga huanguka. Sasa tujiulize: maboga huchanua kwa majuma machache, na kipindi kingine chote cha mwaka nyuki ale nini?

Hapo ndipo aliponivuta hadi kichakani. Kulikuwa na kivumbasha, yule ndugu mkali wa mrehani ambaye majani yake hufukuza mbu, na juu ya vishada vyake nyuki walikuwa wakivuma kama cherehani. Kulikuwa na mikone. Kulikuwa na mishubiri yenye maua mekundu, na ndege chozi, mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, alikuwa akifyonza moja baada ya jingine. Bibi alikuwa ameacha gogo kavu makusudi kwa ajili ya wale nyuki weusi wakubwa watobolao mbao, na kipande cha ardhi tupu kwa sababu wako nyuki wanaochimba mashimo mchangani. "Hawa wala hapa mwaka mzima," akaniambia. "Boga ni karamu ya siku moja."

Ng'ambo ya njia jirani ametandaza kabro, nyasi na boganvilia. Inapendeza, sikatai. Lakini boganvilia ilitoka Amerika ya Kusini, na ile rangi tuionayo ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kijirija cheupe kilichojificha katikati. Nyuki hapati mengi pale. Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya: asmini na mwembe pia vilitoka Asia, na sitathubutu kumwambia mama yeyote wa Mombasa ang'oe asmini yake.

Jambo hili si geni kwa upande huu wa mji. Mwaka 1971, katika machimbo ya kiwanda kile cha Bamburi, Mswisi René Haller alijaribu aina 26 za miti juu ya mwamba mtupu. Zilizosalimika ni tatu tu, na ulioshinda yote ni mvinje. Mvinje huchavushwa na upepo, hauhitaji mshenga. Majani yake yalipokataa kuoza waliletwa jongoo wayale, udongo ukaanza kupatikana, na miti ya pwani ikafuata. Leo watoto wa shule wanatembezwa pale Haller Park. Ilichukua miaka mingi kurudisha kile ambacho bibi alihitaji tu kutokukifyeka.

Magharibi ilipoingia alinionyesha mbuyu ulioko pembeni mwa ploti. Maua yake meupe huning'inia na kufunguka giza linapoanza, na washenga wake ni popo. Watoto wanaonunua mabuyu mekundu ya sukari wakitoka shule hawajui kwamba wana deni kwa popo.

Mwanawe alirudi kutoka kazini tukiwa bado pale. Kando ya kichaka lori lilikuwa limekwisha kumwaga mawe. Anataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Majirani nao wanalalamika kwamba kichaka kinaficha nyoka, na mtoto mmoja aliwahi kuumwa na nyuki. Nilimweleza habari za Gede, ambako tangu 1993 mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga viwavi kwa majani ya miti ya kienyeji na kuuza pupa ng'ambo. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na hapa Utange nani atanunua? Karo ya watoto wataka Januari." Sikuwa na jibu. Bibi alikuwa akiufuta udongo kwenye jembe lake, kimya.

Nilirudi Changamwe na vikonyo vya kivumbasha na machipukizi mawili ya mshubiri, yamefungwa ndani ya gazeti. (Nawe omba kwa jirani, usiende kuchimba porini.) Hata debe lililotobolewa chini latosha. Dawa nimeiacha. Nyuki walipokuwa bado hawajazoea, nilifanya ushenga mwenyewe: alfajiri nachuma ua dume, nakwatua petali zake, naligusisha katikati ya ua jike. Maboga matatu yameshika.

Juzi nilimpigia bibi simu kumpa habari hizo. Alifurahi sana, kisha akaniambia fundi amekwisha kupima. Mbuyu umesalimika, lakini kamba imepita katikati ya mikone. Amemwomba mwanawe msingi usichimbwe hadi mbegu za kivumbasha zikauke, apate kuzikusanya.