Tangi la Samaki la Mtumba na Nyumba Niliyoikuta

Leo hatuzungumzi mishono wala bei za satini. Nataka niwasimulie habari ya tangi la samaki, hasa nyinyi mnaokaribia kuolewa kwenye nyumba yenye watoto.

Mimi niliolewa na mwanamme aliyefiwa na mkewe. Ana binti wa miaka minane. Mtoto ana adabu, ananipa shikamoo, anakula ninachopika, lakini mazungumzo hakuna. Siku moja akaniambia anataka kufuga samaki. Nikasema alhamdulillah, leo kaniomba kitu.

Jipya sikuliweza kwa bei. Nikapata la mtumba kwa watu waliokuwa wanahama. Nikalipima kwa futikamba yangu ya kazini: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36, yaani lita 60 na ushei. Nikalijaza maji uani, nikaliacha kutwa nzima nione kama silikoni ya pembeni inavuja. Halikuvuja. Nikalipandisha juu ya meza madhubuti, maana lita 60 za maji ni kilo 60, bado kioo na changarawe.

Filta nayo ilikuwa ya zamani, imetolewa majini siku ile ile. Mama aliyeniuzia aliniambia, "Sponji yake usiikoshe sana, dada." Nilipofika nyumbani nikaifungua, nikaona utelezi wa rangi ya udongo. Moyo ukakataa. Sisi tumelelewa kuwa usafi ni katika imani. Nikairoweka kwenye jiki, nikaisugua, nikaisuuza mpaka ikawa kama imetoka dukani. Jioni tukatia samaki sita wa gapi.

Siku ya tatu walikuwa juu juu ya maji wanahema. Siku ya tano hakubaki hata mmoja. Mtoto aliporudi chuoni akawakuta. Hakulia. Aliniangalia, akasema, "Na mapazia ya mama pia uliyatoa."

Jamani, nilikaa chini.

Ni kweli niliyatoa. Wiki ya kwanza tu ya ndoa nilishona mapya, nikabadilisha na foronya, nikahamisha makabati. Nilidhani naipendezesha nyumba. Hakuna aliyenikataza, na mimi sikumuuliza mtu.

Usiku ule nikatafuta nimekosea wapi kwenye tangi. Samaki anakula na kujisaidia humo humo majini. Uchafu wake na chakula kinachobaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwake. Ule utelezi niliousugua ulikuwa umejaa bakteria wanaoishi kwenye sponji. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa, na hiyo tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi lisilo na bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kuwapata wa kutosha. Mimi niliwaua kwa jiki kisha nikatia samaki siku hiyo hiyo.

Tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Mimi sikukusudia, lakini niliomba maghfira.

Mara ya pili nilikwenda taratibu. Jirani anayefuga samaki alinipa kipande cha sponji yake, kikiwa kimelowa maji ya tangi lake. Nikakitia ndani ya filta. Maji ya bomba nikayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini iondoke. Tukaanza na samaki wawili, chakula kidogo, na kila wiki tunabadilisha robo ya maji. Sponji ikiziba, mtoto anaikamua ndani ya ndoo ya maji yale yale yaliyotoka kwenye tangi. Sabuni haigusi kabisa. Sasa ni mwezi wa nne na tayari wamezaa.

Mapazia yalikuwa bado kwenye mfuko dukani, nilikuwa nimeyaweka kwa matambara. Nikayakosha, nikamuuliza anataka nimfanyie nini. Akasema pazia moja lirudi chumbani kwake, jingine foronya. Nilishona mwenyewe, na yeye akakaa pembeni ananihadithia mama yake alivyokuwa akiyafua.

Bado ananiita anti, na haina neno.

Bibi harusi mwenzangu, nyumba unayoingia ilikuwa na maisha kabla yako. Usiingie na jiki. Uliza kwanza kipi ni uchafu na kipi ndicho kinachowashika watu wa humo. Mengine yatabadilika wenyewe wakikuzoea, insha'Allah.

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye satini. Maa salaam.