Michembe katika Karamu ya Krismasi

Ndugu msomaji, nianze kwa kukuuliza swali moja. Siku ya Krismasi, utakapowaalika ndugu zako kula, je, utathubutu kuwaandalia michembe? Najua wengi watacheka na kusema, "Karani huyu amefilisika." Kwao chakula cha sikukuu ni wali, nyama na soda za watoto, michembe ni chakula cha njaa. Mimi nasema sivyo, na leo nitakueleza kwa nini.

Kwa faida ya wasomaji wa pwani na wa mijini, michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Huku kwetu Usukuma, na kwa jirani zetu Wanyamwezi, viazi vingi huchimbwa mvua zinapokwisha. Kiazi kibichi hakikai sana. Wadudu hukitoboa au huoza, na jasho la mkulima likapotea bure. Kwa hiyo wazee wetu walitafuta njia mbili. Ya kwanza ni kumenya viazi vibichi, kuviacha vinyauke kidogo, kisha kuvikata vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Ya pili ni kuvichemsha kwanza, ndipo kuvikata na kuvianika. Hayo huitwa matobolwa, na watoto huyatafuna kama peremende. Vyote viwili vikiwekwa mahali pakavu hudumu miezi mingi. Ndiyo maana wahenga walisema akiba haiozi.

Sasa tazama kalenda. Krismasi huja tarehe 25 Desemba, wakati mvua zimekwisha kuanza, watu wako shambani, ghala limepungua, na mahindi mabichi bado hayajakomaa. Tena Januari iko mlangoni pamoja na sare na madaftari ya watoto. Hata hivyo baba wa nyumba huona haya kuonekana maskini mbele ya wageni, basi hukopa. Mimi hukaa katika ofisi ya parokia, na kila Januari huwaona watu wazima, wenye heshima zao, wakija kwa sauti ya chini kuomba msaada wa debe moja la mahindi. Mmoja aliniambia kwamba aliuza karanga zake za mbegu ili anunue mchele wa siku moja. Wageni walishiba wakaondoka, na shamba lake likabaki tupu mwaka mzima.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mwaka jana nilimwambia mke wangu, "Mama, Krismasi hii tusikope. Tutapika wali kidogo, kuku wetu wawili, na michembe yako kwa karanga." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, nitakayesemwa si wewe. Watasema mke wa karani ni mchoyo." Alisema kweli, kwa maana aibu ya mezani humwangukia mwanamke kwanza. Nikamwahidi kwamba mimi mwenyewe nitawaambia wageni kuwa shauri ni langu. Hapo akakubali.

Haya basi, namna tulivyopika kwa watu kumi. Tulichukua bakuli tatu za michembe, tukaiosha mara mbili kuondoa vumbi, tukailoweka muda wa saa moja. Tulichagua bakuli moja ya karanga, moja moja. Zilizosinyaa au zenye ukungu tulizitupa, wala hatukuwapa kuku, maana ukungu huo huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Zile nzuri tukazikaanga kidogo, tukazipepeta maganda, tukazitwanga mpaka zikalainika. Michembe tuliichemsha kwa maji ya kuifunika tu, mpaka ikaiva bila kupondeka. Karanga tukazikoroga kwa maji ya vuguvugu, tukazimimina juu ya michembe pamoja na chumvi kidogo. Kisha moto tukaupunguza, na mke wangu akakoroga polepole kwa mwiko, maana karanga huungua upesi, mpaka mafuta yakaanza kuelea juu. Hatukutia sukari hata kidogo. Utamu wa kiazi unatosha.

Wageni walipoketi, niliwaambia kama nilivyoahidi. Vijana wawili walitazamana. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alivuta bakuli, akaonja, akauliza, "Nani aliyeianika hii?" Mke wangu akajibu kwa woga, "Ni mimi, shangazi." Yule mama akasema, "Mwanangu, mikono yako inajua kazi. Nipe tena." Baada ya hapo hakuna aliyeuliza habari ya nyama zaidi, na bakuli lilikwisha kabla ya wali. Januari ilipofika, hatukuwa na deni la mtu.

Usidhani kwamba nakusihi ule michembe kwa sababu ya umaskini tu. Kiazi vitamu ni chakula cha nguvu, na karanga huongeza mafuta na chakula cha kujenga mwili. Tena siku hizi kuna viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vyenye kiini cha vitamini A, ambayo husaidia macho na kuwakinga watoto na maradhi. Mwaka 2016 wataalamu watatu waliovishughulikia viazi hivyo, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Viazi hivyo ukivikausha, vianike kivulini penye upepo, maana jua kali hupunguza vitamini hiyo. Na mafuta ya karanga huusaidia mwili kuipokea.

Basi, msomaji mpenzi, shauri langu ni hili. Utakapochimba viazi, usiuze vyote. Tenga debe moja, anika vizuri, funga, andika juu yake "Krismasi", na usiliguse. Siku ikifika, uwaandalie wageni bila kuona haya. Mgeni akupendaye hakuja kuhesabu vipande vya nyama. Na ninyi akina baba, msimwachie mke peke yake maneno ya watu. Semeni wenyewe mbele ya wageni, ndipo nyumba itakuwa na amani siku ya sikukuu na siku zitakazofuata.